Kunyamazisha Gari la Bibi Harusi

Marehemu mume wangu alikuwa na wake wawili, mimi na gari lake jekundu, na mpaka leo sina hakika nani kati yetu alitunzwa zaidi. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, la milango miwili, pua ndefu, limekaa chini karibu na ardhi hivi kwamba mwanamke aliyevaa gauni lazima ajipange kabla ya kushuka. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yetu. Kila Ijumaa baada ya swala alilitoa, akalizungusha Jinja mjini bila shughuli yoyote, na mimi nikiwa kwenye cherehani yangu barazani pale Nalufenya nilimsikia akirudi kabla hajakata kona. Nilikuwa nikiliita mke mwenza. Alipofariki nikamrithi mke mwenza wangu pamoja na kasoro zake zote, kikiwemo kioo cha upande wa dereva, ambacho tangu nilijue gari hilo hakijawahi kushuka. Kila mwaka mume wangu alisema atakitengeneza. Mkikumbuke kioo hicho, maana kilinichezea akili baadaye.

Tangu binti yetu akiwa mdogo, baba yake alimwambia kwamba siku ya harusi yake atampeleka kwa mumewe kwa gari hilo, yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Alifariki binti akiwa bado shuleni. Ahadi ile hakuna aliyenikabidhi. Niliichukua mwenyewe, nikajifunza kuliendesha gari lile mpaka likanizoea, na vijana wa bodaboda wa Nalufenya wakaacha kunicheka. Walipoacha kucheka wakaanza kunipisha, na hilo nililipenda zaidi.

Binti akachumbiwa na kijana wa hapa hapa Jinja. Mipango ya harusi ilipopamba moto, gari nalo likaanza kulia.

Mwanzoni ulikuwa mvumo mdogo tu, kama jenereta ya jirani. Nikiwa mjini sikusikia kitu. Nikitoka mjini nikaongeza mwendo, mvumo ulianza chini kwa chini, ukapanda, ukajaa gari zima mpaka nikawa sijisikii nikizungumza peke yangu, na mimi huzungumza sana peke yangu nikiwa njiani. Nikipunguza mwendo unashuka. Nikisimama umekwisha, kimya, utadhani nimesingizia. Mimi ni fundi cherehani. Mashine ikibadilisha sauti mbele yangu siwezi kula nikashiba mpaka nijue ina nini.

Kuna jambo moja inabidi nilieleze, kwa sababu bila hilo kelele za gari zingekuwa kelele tu. Ukoo wa mume wangu ni Wanubi, babu zao walikuja huku Uganda na jeshi kutoka Sudani wakabaki na dini yao, vikapu vyao na nyimbo zao. Katika nyumba yao bibi harusi hasafirishwi kimya. Wimbo unaanzishwa mlangoni kwa wazazi, na hauruhusiwi kukatika mpaka bibi harusi ashuke mlangoni kwa mumewe. Anayeubeba ni shangazi yake, ndani ya gari, karibu na sikio lake. Akichoka anaweza kupunguza sauti, lakini hanyamazi. Wimbo ukikatika njiani, ndoa hiyo ikipata mtikisiko hata baada ya miaka, wazee watakutajia mahali ulipokatikia.

Sasa angalia balaa lenyewe. Kwa kuwa baba wa binti hayupo, walii wake wa kumwozesha ni baba yake mkubwa, yaani shemeji yangu, kaka wa marehemu, na yeye anaishi Mbale. Kwa hiyo nikaha ilikuwa ifungwe Mbale, nyumbani kwake, kisha bibi harusi aletwe Jinja. Ni njia ndefu kwa mtu anayeimba. Na ndani ya gari linalovuma namna ile, wifi yangu, ndiye shangazi wa kubeba wimbo, angeweza kupasua mapafu na bibi harusi asisikie hata neno.

Shemeji aliisikia kelele siku nilipompeleka binti Mbale akae kwake, aanze kusingwa na kufundwa. Huyu shemeji aliendesha malori ya jeshi mpaka akastaafu, na mtaa mzima unamwita Afande. Alikuwa amesimama langoni mikono nyuma. Nilipozima injini hakunisalimia kwanza.

"Shemeji, hii gari inalia," alisema.

"Kidogo tu, Afande."

"Si kidogo. Mimi nimekusikia kutoka kule kwa duka. Hii si gari ya bibi harusi, hii ni mashine ya kusaga mahindi. Sasa huyu dada yangu ataimba wapi? Ataimba ndani ya mashine?" Akalizunguka gari, akalipiga tairi teke la pole. "Nitatafuta gari nyeupe. Hii uache hapa kwa uwanja, kuna mtu anaitaka."

Damu ilinipanda. Ningeweza kusema mambo mengi, na baadhi yake yasingefaa kusemwa mbele ya walii wa binti yangu. Nilimwambia hivi: "Afande, siku nitakayokuja kwa nikaha, simama hapo hapo langoni. Ukilisikia linalia, lichukue umpe huyo mtu wako. Usipolisikia, mwanangu anapanda hili, na mimi ndiye nitakayemwendesha."

"Kale, sawa," alisema. "Mimi nitakuwa hapa kwa geti."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake, na macho yake yalikuwa kwenye gari, si kwetu. Nilirudi Jinja gari likinivumia masikioni njia nzima, na nilichokuwa nimekiweka rehani nilikijua vizuri. Lilikuwa neno la mume wangu.

Sikulaza damu. Kesho yake nilienda kwa fundi wetu, Msoga mmoja mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko, aliyelitibu gari hilo tangu enzi za marehemu. Ananiita Hajati. Makka sijafika, lakini Jinja mwanamke wa Kiislamu akishazeeka kidogo na kujitanda vizuri anapewa Uhaji bila safari. Tulianza na matairi kwa sababu tairi likiliwa vibaya nalo huvuma. Tukayahamisha, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Mvumo haukubadilika hata kidogo.

"Basi ni beringi, Hajati," fundi akasema. "Sasa tujue ni gani."

Beringi, kwa asiyejua, ni ile pete ya chuma yenye gololi au roli ndani yake, inayoliacha gurudumu lizunguke bila kusaga kitu. Gari lina magurudumu manne na kila moja lina yake. Zikichoka zinapiga kelele, na kazi yote iko katika kujua ni ipi inayopiga, kwa sababu chuma hubeba sauti kutoka kona moja na kukuletea kona nyingine.

Tukatoka kwenda kusikiliza, mimi naendesha, yeye kando yangu. Mahali pa kuongeza mwendo ukitoka Jinja ni barabara ya Iganga, kwenye mashamba ya miwa. Miwa ilikuwa imekomaa, imesimama ukuta mrefu pande zote mbili za barabara, ule wa kushoto ukiwa karibu nasi kabisa. Mvumo ukaja. Tuliusikia wote wawili waziwazi, unaingia kwa dirisha la fundi, mbele, kushoto.

"Ni hii hapa!" fundi alisema huku ananyoosha kidole nje. "Mbele, upande ya kushoto. Mimi naweza apa."

"Hata mimi naapa," nikasema.

Tulirudi gereji, akapandisha gari kwa jeki, akalishika gurudumu lile juu na chini, akalitikisa. Likacheza kidogo. Gari la umri ule kila kitu kinacheza kidogo, lakini sisi tulishaapa, na mtu aliyeapa hatafuti tena. Tukafungua, tukatoa beringi, tukaosha grisi ya zamani kwa mafuta ya taa, tukaweka mpya na grisi mpya. Nilisaidia kupakaza grisi mwenyewe, nikaisukuma ndani ya roli kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili. Tukazunguka mjini, kimya. Fundi akapiga honi kwa furaha. Tulisahau kwamba mjini gari lile lilikuwa kimya siku zote.

Kesho yake nilipofika kwenye miwa, lilinilaki kwa mvumo ule ule, mbele, kushoto.

Niseme ukweli, nilirudi gereji kwa kasi na nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. Fundi aliniona, akaenda kusimama upande wa pili wa pipa la mafuta machafu.

"Hajati, hiyo beringi ni mpya! Mimi nimeweka na wewe umeona!"

"Nimeona. Na gari halijaona."

"Basi wamekuuzia mbaya."

Akatoa ile mpya, akaizungusha kidoleni sikioni mwangu. Ilikuwa nzima, laini, haina neno. Nikavaa kiatu changu. Alinipa soda, nikainywa nimenuna. Yeye alitaka tubadilishe zote nne na tumalize maneno, lakini za gari lile hazipatikani kirahisi, na hata zingepatikana nisingekubali. Nguo ikibana kwapani hufumui nguo nzima. Unatafuta mshono unaobana.

Wiki ya harusi ilikuwa inakuja, na nilikuwa nimeshona nguo za bibi harusi ambazo lazima apime. Nikazipakia nikaondoka na mvumo wangu kwenda Mbale, nimekata tamaa nusu, na nusu ile nyingine ilikuwa hasira. Nilipita miwa, gari likilia kushoto. Nilipita Iganga, nikaingia barabara ya Tirinyi. Nikafika kule bonde la Mpologoma, ambako barabara inakatiza kwenye mpunga. Pale hakuna kitu. Kulia mpunga, kushoto mpunga, bado mchanga, unaofika magotini, maji yanang'aa katikati, na ndege weupe wanatembea kama wenye shamba.

Na kushoto kwangu kukawa kimya.

Nilidhani masikio yameziba. Dirisha la kushoto lilikuwa wazi kama kawaida, na kwa dirisha lile sasa ulikuwa unaingia upepo peke yake. Mvumo ulikuwepo bado, lakini ulikuwa unapanda kwa chini, kupitia kiti, nyuma ya bega langu la upande wa mlango. Nikainama, nikainuka, nikageuza kichwa. Nyuma, upande wa dereva. Upande ule ambao kioo chake hakishuki.

Nilicheka peke yangu kwa sauti. Sikilizeni. Upande wangu ulikuwa umefungwa, sauti haina pa kuingilia. Inapita chini ya gari, inaenda kugonga ule ukuta wa miwa, inarudishwa, na inaingia kwa dirisha pekee lililo wazi, kushoto mbele. Mimi na fundi tulikuwa tumekaa tukiapa juu ya sauti iliyorushwa na miwa. Tungekuwa watu wa nchi isiyolima miwa tusingepotea. Na miwa ingekuwa imeshakatwa, pia tusingepotea.

Lakini nilishaapa mara moja, na mara hii nilitaka kuhakikisha. Marehemu alinifundisha jambo moja: gari likiyumba kwenda kushoto, uzito wake unalalia magurudumu ya upande wa dereva, na beringi mbovu ikilaliwa hulalamika zaidi. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma. Nikaongeza mwendo, nikalisukuma kushoto taratibu, mvumo ukapanda. Nikalirudisha kulia, mvumo ukashuka. Kushoto, ukapanda. Kulia, ukashuka. Nikarudia tena, safari hii kwa raha tu.

Mbele yangu akatokea trafiki na mkono juu.

"Mama, umekunywa nini?"

"Afande, mimi Mwislamu, na leo nimefunga."

"Sasa mbona unacheza na barabara?"

"Nasikiliza beringi."

Akanitazama, akalitazama gari, akaitazama miwani yangu ya kushonea ambayo nilisahau kuivua. "Hiyo gari kweli iko na kelele," akasema. "Nimesikia ikikuja, nilidhani ni lori ya mchele. Enda polepole, mama. Na usicheze tena hapa, ng'ombe zinavuka."

Mbale ilikuwa karibu, milima ya Wanale nilikuwa naiona. Lakini nilifikiria lango la shemeji, na yeye pale mikono nyuma, na sikukubali alisikie gari langu likilia mara ya pili. Nilimkuta mfanyabiashara wa nguo wa msikitini kwetu kwenye kituo cha mafuta, anaelekea huko, nikampa zile nguo azifikishe. Kisha nikageuza.

Fundi aliponisikiliza alikuna kichwa. "Hajati, miwa inaweza danganya mtu?"

"Piga jeki nyuma."

Alipiga. Gurudumu lile halikucheza hata kidogo, likatulia imara mikononi mwake, na akaanza kutabasamu. Nikamwambia alizungushe kwa mkono, na mimi nikapitisha vidole nyuma yake, nikaishika springi. Hapo ndipo kazi yangu ya maisha iliponisaidia. Vidole vyangu vinajua uzi uliokatika ndani ya pindo kabla macho hayajaona. Springi ilikuwa inatetemeka chembe chembe, kama mtu anasaga changarawe mbali sana. Tukaenda upande wa pili, tukazungusha la kushoto. Springi yake ilikuwa imelala kimya.

"Weka mkono," nikamwambia.

Akaweka. Akafumba macho. Akaenda upande wa pili, akaweka, akarudi. "Yesu wangu," alisema. "Iko hapa."

Kuijua ni jambo moja na kuitoa ni jingine. Nati kubwa ya katikati ilikuwa haijafunguliwa tangu gari litoke kiwandani, nadhani. Fundi alitia bomba refu kwenye spana, akaning'inia. Haikutoka. Nikaning'inia naye. Wateja wake walikuja kutazama, Hajati na fundi wananing'inia kwenye bomba moja, na sikujali hata kidogo. Nati ikatoa mlio kama risasi ikalegea, na sote wawili tukakaa chini kwenye vumbi tukicheka.

Tukatoa breki, tukatoa kile kitovu cha gurudumu na nyumba yake nzima ya chuma, tukaipeleka kwa jamaa mwenye mashine ya kukandamiza, akaisukuma beringi ya zamani nje. Iliangukia sakafuni vipande vipande. Njia zake za ndani zilikuwa zimechimbika vishimo vidogo, na grisi imegeuka lami. Nilichukua kipande nikakifunga kwenye leso. Bado ninacho, kiko ndani ya droo ya cherehani pamoja na bobini.

Mpya, tuliyoipata kwa taabu, ilikataa kuingia. Mwenye mashine alitaka kuisukuma kwa nguvu, fundi akamzuia, maana beringi mpya ukiikandamiza vibaya unaiua siku ile ile unayoizaa. Inatakiwa ipoe sana, isinyae kidogo, na nyumba yake ipate moto, itanuke kidogo, zikutane bila vita. Wenye friji kubwa wanaiweka kwenye friji. Sisi tuna Masese.

Wifi yangu, yule yule wa kubeba wimbo, anauza samaki pale ufukweni Masese. Ana masanduku ya barafu ambayo samaki aina ya ngege wakilala humo wanafika Nairobi wakiwa wabichi. Nilimpelekea beringi, imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta na mifuko ya nailoni juu yake.

"Hiki ni nini, wifi?"

"Ni ukimya," nikamwambia. "Kilaze kwenye barafu. Usikiuze."

Akakifukia chini kabisa, akatia chumvi barafu izidi kuuma, akapanga ngege juu yake, na aliufukuza mkono wa kila mteja aliyeinama kuchagua samaki. Baadaye tulikwenda hapo hapo na ile nyumba ya chuma. Wifi akawasha sigiri yake ya kukaangia, tukaiweka juu ya makaa badala ya karai. Fundi aliitemea mate, na yalipochemka akaitoa kwa koleo akaiweka kwenye ubao, na mimi nikachomoa beringi kutoka kwenye barafu, mikono yangu ikifa ganzi, nikaifungua, nikaiweka mdomoni mwa nyumba yake, nikaisawazisha kwa vidole gumba.

Ikaingia. Sikuisukuma. Iliteremka yenyewe mpaka mwisho, kama kifungo kinavyopita kwenye tundu lililokatwa vizuri, na ikatoa mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Wavuvi waliokuwa wamesimama pale walipiga makofi. Nimeshona nguo za maharusi wengi, za wake za wakubwa, na sijawahi kupigiwa makofi. Nilijisikia mrefu.

Tulifunga kila kitu, tukaenda kwenye miwa. Nikaongeza mwendo, nikaongeza tena. Fundi alikuwa ameshika dashibodi. Tulisikia upepo, na injini, na mahali fulani kwenye buti sarafu au kifungo kinachobingirika. Hakuna kingine.

"Hajati," fundi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikamsikia.

Siku ya nikaha nilimchukua wifi asubuhi, tukaenda Mbale. Yeye alijaza kiti cha nyuma chote na akalalamika kwamba gari linanuka samaki, kana kwamba samaki walikuwa wa mtu mwingine. Nilipokaribia kwa shemeji nilimwona. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki langoni, kanzu nyeupe, mgongo umenielekea kwa sababu alikuwa akiwaelekeza watu wa turubai. Nikaingia. Nikampita kando. Nikazima injini katikati ya uwanja, nikashuka nikiwa nimejipanga, na nikasimama nyuma yake.

"Asalaam aleikum, Afande."

Aliruka. Aligeuka akanitazama, akatazama lango, akatazama gari. "Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hukunisikia?"

Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma upande wa dereva, kumbe sikio lake lilishalijua tangu siku ile, akachuchumaa na kanzu yake, akaweka kiganja katikati yake. Ndivyo madereva wa malori wanavyopima beringi baada ya safari, kwa sababu mbovu huchemka. Aliacha mkono pale muda mrefu. Akaenda kwenye mengine yote, moja baada ya jingine, akarudi kwenye lile la kwanza.

"Iko baridi," alisema, akajipangusa kiganja. Na kisha, bila kunitazama, "Sikukusikia."

Nilikuwa najivuna mpaka kitambaa changu cha kichwa kilinibana. Yule mwenye gari jeupe alipigiwa simu akaambiwa apumzike. Shemeji mwenyewe alitafuta ndoo na tambara, akafuta vumbi la Tirinyi kwenye ile pua ndefu, na mtu alipotaka kumsaidia akamfukuza.

Nikaha ilifungwa. Alasiri wifi alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo, na bibi harusi akatoka amefunikwa, harufu ya udi na ya dilka aliyosingwa nayo ikamtangulia. Akakaa kando yangu. Magari mengine yakatufuata kwa nyuma yakipiga honi. Sisi tukaenda kwa sauti ya wifi peke yake. Wimbo ule una mwimbaji na waitikiaji, lakini ndani ya gari dogo namna ile waitikiaji hakuna. Mimi siruhusiwi kwa kuwa ni mama, na bibi harusi haimbi. Kwa hiyo wifi aliita, akaacha pengo la kuitikiwa, akaita tena. Tulivuka mpunga hivyo. Tulipita Iganga hivyo, sauti yake imeshuka na imekwaruza, lakini haijakatika, na kila neno tulilisikia.

Jua lilikuwa bado lipo tulipofika kwenye miwa. Nilikuwa sijawaza chochote. Dirisha la kushoto lilikuwa wazi, upande wa bibi harusi. Wifi akaita, akaacha pengo lake, na ndani ya pengo lile sauti ikarudi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, iliyogonga ule ukuta wa majani na kurushwa, laini, imechelewa kidogo, kama waitikiaji wanavyochelewa. Akaita tena, ikaitikia tena. Nilimwona kwenye kioo, machozi yanamtoka na hanyamazi.

Binti yangu alifunua ushungi kidogo akageuka dirishani.

"Mama, nani anaitikia?"

Nilifikiria yule mtu aliyeahidi kushika usukani huu siku ya leo na kioo alichosema kila mwaka atakitengeneza.

"Ni miwa," nikamwambia. "Upande wa baba yako haufunguki, kwa hiyo inaingilia kwako."

Akaacha dirisha wazi mpaka Jinja.